Juu moto, chini baridi: vile maboya 4,000 yanapima joto la bahari

Kama umewahi kukaa bedsita hapa Nairobi hii unaijua. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, stima iko, unatumbukiza koili kwa ndoo ya lita 20, unaenda kupiga shati pasi, ukirudi mvuke unapanda juu ya maji, unazima soketi kwanza (tafadhali zima kwanza, watu wamekufa hivyo), unaweka kidole, unaskia moto kabisa, unajisifu. Unaingia bafu. Jagi la kwanza poa, la pili poa, ukifika katikati ya ndoo unajimwagia baridi ya Limuru. Koili haikufika chini. Moto wote ulijikusanya juu na wewe kidole chako kilipima juu peke yake.

Bahari iko hivyo hivyo, ila yenyewe inapashwa moto na jua kutoka juu, na hiyo ndoo ina kina cha mita 3,700 ukichukua wastani wa dunia nzima. Kwa miaka mingi sana, mara nyingi binadamu alikuwa anaweka kidole juu tu. Meli ikipita inateka maji kwa ndoo, inapima, inaandika, inaendelea na safari. Baadaye zikaja setilaiti, nazo zinaona uso wote wa bahari ndani ya siku chache, kazi safi, lakini bado ni uso. Huko chini hazioni kitu.

Na mtu wa Umoja au Kawangware joto la chini ya bahari linamhusu nini? Ngoja nianze na mvua halafu nirudi kwa mashine zenyewe, kwa sababu bila mvua hii stori inakaa ya watu wengine.

Mvua zetu za vuli, zile za mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, zinafuata sana vile joto limegawanyika ndani ya Bahari ya Hindi. Miaka ya kawaida maji yenye joto zaidi yamejazana kule mashariki, upande wa Indonesia, na mawingu makubwa yanakaa huko. Lakini kuna miaka upepo unaovuma kutoka mashariki unapata nguvu, unasukuma yale maji moto kuja upande wetu, kule Sumatra maji baridi yanapanda kutoka chini kuziba pengo, na huku kwetu joto linarundikana. Maji moto yanatoa mvuke, hewa inapanda, na mvua inaangukia Kenya, Somalia na majirani. Wanasayansi wanaita hii hali dipoli ya Bahari ya Hindi, walianza kuieleza vizuri mwaka 1999, na ikiwa upande wetu ndio moto wanasema dipoli ni chanya. Mwaka 2019 ilikuwa chanya kupita kiasi, moja ya zenye nguvu zaidi ndani ya miongo mingi, na tunakumbuka ilivyokuwa, maporomoko ya ardhi Pokot Magharibi mwezi wa kumi na moja, barabara zimekatika, halafu ile kijani yote na unyevu vikawapa nzige pa kuzaliana. Ikigeuka hasi, tunakauka. Mwaka 2022 dipoli ilikuwa hasi na juu yake kulikuwa na La Niña (ile hali ya maji ya Pasifiki kwenye ikweta kupoa kuliko kawaida) ya mwaka wa tatu mfululizo, na huo ndio wakati mvua zilikuwa zimekataa misimu mitano, ng'ombe wakafa Marsabit na Wajir mpaka watu wakaacha kuhesabu.

Hapa sitaki kudanganya mtu. Masika, zile mvua za mwezi wa tatu mpaka wa tano, ni kichwa ngumu. Zile zilizofurika Mathare mwaka 2024 zilikuwa za masika, na masika hazifuati dipoli hivyo moja kwa moja, ndio maana utabiri wa vuli huwa na uhakika zaidi kuliko wa masika. Kwa hivyo mtu akikuambia bahari inaeleza kila tone linaloanguka Nairobi, mwambie apunguze.

Sasa turudi kwa kina. Kitu ambacho kilinishangaza nilipoanza kusoma haya mambo ni kwamba ile dipoli haianzi juu. Joto linaweza kuwa limejificha mita 100 hivi chini ya uso, linasafiri polepole kuelekea magharibi kama wimbi kubwa ambalo huwezi kuliona kwa macho, miezi inapita, halafu ndio linakaribia juu na kuanza kuchezea hewa. Ukipima uso pekee utalijua wakati limeshafika. Ukipima chini unalijua likiwa njiani, na kwa mkulima wa Machakos anayetaka kujua anunue mbegu gani hiyo tofauti ya miezi miwili ni kitu kikubwa.

Kwa hivyo swali ni nani atashuka huko chini, kila mahali, kila wiki, mwaka mzima, hata kule karibu na barafu ya kusini wakati wa baridi kali ambapo hakuna meli inataka kwenda? Meli ya utafiti inakula makumi ya maelfu ya dola kwa siku moja. Hakuna nchi ina hizo pesa.

Jibu lilikuja kwa umbo la bomba. Linaitwa boya (ndugu zetu wa Bongo wacheni kucheka, najua huko boya ni mtu wa aina gani), ni mcheduara wa chuma au alumini, pamoja na antena unafika urefu wa mtu mfupi, uzito kati ya kilo 20 na 40. Halina injini ya kusogea mbele wala nyuma. Kitu pekee linajua ni kushuka na kupanda, na mkondo unalipeleka unapotaka.

Vile linashuka ndio utamu wenyewe. Nilimuonyesha mpwa wangu wa gredi ya 6 kwa chupa ya soda ya lita 2. Unajaza maji, unachukua kifuniko cha kalamu ya Bic, kama kina tundu kwa ncha unaliziba, unaweka kaudongo kadogo ka kufinyanga pale kwenye ule mkono wake ili kasimame na kaelee kwa shida, unafunga chupa. Ukibinya chupa, kile kiputo cha hewa ndani ya kifuniko kinabanwa kinakuwa kidogo, kifuniko kinazama. Ukiachilia, hewa inatanuka, kinapanda. Uzito haujabadilika hata chembe, kilichobadilika ni nafasi ambayo kile kitu kinachukua ndani ya maji. Mtoto alibinya hiyo chupa mpaka saa tatu usiku, mamake akaja kuichukua.

Boya linafanya hivyo bila mtu wa kubinya. Ndani lina mafuta na pampu, na chini kwa nje lina kifuko cha mpira. Likitaka kupanda, pampu inasukuma mafuta yaende kwa kile kifuko, kifuko kinavimba, boya linachukua nafasi kubwa zaidi kwa uzito ule ule, linapanda. Likitaka kushuka mafuta yanarudi ndani. Ni hivyo tu bana! Pampu, mafuta na mpira. Lakini usidharau, kwa sababu kule mita 2,000 maji yanakandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kama kilo 200, yaani weka magunia mawili makubwa ya mahindi juu ya kitufe kimoja cha shati, na ile pampu inatakiwa isukume mafuta nje ikipigana na huo uzito, kwa betri, mara zaidi ya mia moja, bila fundi.

Ratiba yake ni ya siku 10. Linashuka mpaka mita 1,000, linakaa huko likibebwa na mkondo kwa kama siku 9, halafu linazama tena mpaka mita 2,000, na kutoka hapo linaanza kupanda polepole kwa masaa kadhaa, likipima njia nzima joto, chumvi na presha. Presha ndiyo inaliambia liko kina gani. Likifika juu linatoa antena, linaongea na setilaiti, linatuma kila kitu, linazama tena. Yale ya zamani yalikuwa yanalazimika kukaa juu masaa mengi kama mtu anayetafuta network kijijini juu ya mti, yakipigwa na mawimbi, lakini ya siku hizi yanamaliza kutuma ndani ya dakika chache na kurudi chini, kama kuflash mtu halafu unakata.

Mradi wenyewe unaitwa Argo. Maboya ya kwanza yalitupwa majini kuanzia mwaka 1999 na 2000, mwaka 2007 yakafika 3,000, na sasa yako kama 4,000, nchi kama 30 zinachangia. Jina walitoa kwa jahazi la Wagiriki wa kale, lile la Jason, kwa sababu wakati huo huo kulikuwa na setilaiti inaitwa Jason inayopima urefu wa uso wa bahari, na walitaka hivyo viwili vifanye kazi pamoja. Kwa mwaka mmoja yanaleta vipimo zaidi ya laki moja vya kutoka mita 2,000 mpaka juu. Linganisha na zamani ambapo karibu vipimo vyote vilifuata njia za meli za mizigo, upande wa kaskazini wa dunia, wakati wa kiangazi chao. Kule kusini kabisa wakati wa baridi palikuwa giza tupu.

Usifikirie lakini kwamba bahari imejaa maboya. Kwa wastani kuna moja kila kilomita 300 hivi. Ukichukua Kenya yote, kutoka Turkana mpaka Kwale, ukaipima kwa wingi huo huo, ungepata vipimajoto 6 hivi. Nchi nzima. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na hata sasa tunayafika kwa kuchovya tu. Kilichosaidia ni kwamba bahari haibadiliki haraka kama hewa, leo na kesho maji ya kule mita 1,000 yanafanana, kwa hivyo vipimo vichache vikiwa vimetawanyika vizuri vinatosha kuonyesha picha kubwa.

Upande wetu wa bahari kulikuwa na shida nyingine kabisa. Ile miaka ya uharamia wa Somalia meli zilikuwa zinakwepa magharibi yote ya Bahari ya Hindi, na boya halijipeleki, lazima meli ilibebe na kulitupa. Yaliyokuwepo yalikuwa yanazeeka na kuzima, mapya hayaji, na pengo likabaki palepale ambapo mvua zetu zinapikwa. Wanasayansi ikabidi waombe manowari za jeshi ziwasaidie kuyatupa. Mtu anaiba meli Eyl, kule pwani ya Somalia, na utabiri wa mvua ya Kitui unaingia mchanga. Hii dunia imefungwa kwa kamba moja kweli.

Na haya yote yametuonyesha nini? Kwanza kwamba ule moto wa ziada ambao hewa chafu zetu zinauzuia kutoka duniani, zaidi ya asilimia 90 umeingia baharini. Hewa yenyewe, hii tunayolalamikia ikiwa moto mwezi wa pili, imebaki na asilimia moja au mbili hivi. Ukijiuliza kwa nini bahari inaweza kumeza hivyo rudi kwa ndoo yetu. Koili ya wati 1,000 inachukua karibu dakika moja na nusu kupandisha lita 20 za maji digrii moja tu. Maji ni mlafi wa joto. Mita kama 2.5 au 3 za juu za bahari, yaani kina cha kisima kifupi, zinaweza kubeba joto sawa na hewa yote ya dunia kutoka ardhini mpaka juu kabisa. Sasa piga hesabu ya mita zilizobaki.

Kuna ulinganisho mmoja mimi naupenda sana. Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Waingereza, Challenger, ilizunguka dunia ikishusha vipimajoto kwa kamba za katani, mabaharia wanavuta kwa masaa. Mwaka 2012 kina Dean Roemmich, mmoja wa watu walioanzisha Argo, walichukua zile namba za kamba wakaziweka kando ya namba za maboya, mahali pale pale, na wakakuta zile mita 700 za juu zimepata joto kwa wastani wa digrii 0.33. Mtu atasema sasa sehemu ya tatu ya digrii ni nini. Kumbuka tu ile dakika moja na nusu, na kumbuka ndoo ni bahari.

Halafu maji yakipata joto yanatanuka. Sio kama chai inavyofurika kwa sufuria, hiyo ni povu, haya ni maji yenyewe yanachukua nafasi zaidi kidogo kidogo. Tangu miaka ya 1970 karibu nusu ya kupanda kwa kina cha bahari imetokana na huko kutanuka, sehemu iliyobaki kubwa ni barafu inayoyeyuka nchi kavu. Setilaiti inaona bahari imepanda, ila haiwezi kujua yenyewe kwa nini, boya ndilo linasema kiasi gani ni joto. Kwa watu wa Lamu na Kipini hiyo sio hesabu ya kitabuni.

Ila vipimo navyo vinadanganya, na hapa ndipo mimi niliwaheshimu hawa watu. Mwaka 2006 watafiti watatu, John Lyman, Josh Willis na Gregory Johnson, walitoa ripoti kwamba kati ya 2003 na 2005 bahari ilikuwa imepoa. Watu waliokuwa wakisema joto la dunia ni uongo walishangilia sana. Lakini namba hazikukubaliana na vitu vingine, uso wa bahari ulikuwa unaendelea kupanda, sasa unapanda aje kama maji yanapoa? Willis akaanza kukagua boya moja moja. Akapata kuna kundi la maboya lilikuwa na kosa kwa programu, linaandika joto la kina kimoja kwa kina kingine, kwa hivyo yalionekana ya baridi kuliko ukweli. Na bado, vile vipimajoto vya zamani ambavyo meli za mizigo zilikuwa zinatupa vikining'inia kwa waya mwembamba vilikuwa vinakosea kwenda upande wa joto, kwa sababu kina chake kilikuwa kinakadiriwa kwa mwendo wa kuanguka na lile kadirio halikuwa sawa. Kwa hivyo maboya yalipokuwa yanachukua nafasi ya vile vya waya ilionekana kama bahari inapoa, kumbe ni mizani tu imebadilishwa. Walisahihisha wenyewe hadharani, na ile baridi ikapotea. Ukishawahi kununua nyanya sokoni kwa mizani ya kona mbili tofauti unaelewa.

Kuna mambo hayajakaa vizuri bado. Boya moja la kawaida linazidi dola 20,000, bei ya gari zuri la mtumba kutoka Japani, na betri ikiisha baada ya miaka kama minne mitano hivi, mara nyingi hakuna anayekuja kulichukua. Mengi yanazama na betri zake zote. Hii inanikera kidogo, japo nikipiga hesabu ya mafuta ambayo meli ingechoma kufuata bomba moja katikati ya bahari naona kwa nini wanaliacha. Na mita 2,000 ni kama nusu tu ya bahari, nusu nyingine iko chini ya hapo, ndio maana sasa kuna maboya mapya yanayofika mita 6,000, na mengine yamebeba vifaa vya kupima oksijeni, asidi na virutubisho, sababu bahari inameza pia kama robo ya kaboni tunayotoa na inazidi kuwa na asidi. Mpango ni yafike 4,700 yakiwa ya aina zote. Pesa ndiyo kazi.

Data yenyewe ni ya bure. Haihitaji barua wala kujuana na mtu, ndani ya siku moja hivi tangu boya litume, namba ziko kwa intaneti, mtabiri wa Dagoretti Corner na yule wa Tokyo wanazipata sawasawa, na hata wewe na bando lako la shilingi 20 unaweza kufungua ramani na kuona nukta zimetapakaa.

Hiyo ramani nilimpelekea mjomba wangu nilipoenda Vanga mwezi wa nane. Yeye ni mvuvi, amevua kusi na kaskazi tangu kabla sijazaliwa. Baada ya shikamoo na kahawa nikamuonyesha nukta moja iliyo mashariki, kati yetu na Shelisheli, nikamweleza vile boya linashuka na kupanda, mafuta, kifuko, siku 10. Aliangalia simu kwa muda mrefu.

"Hichi kidude kinaona samaki?"

"Hapana mjomba. Joto, chumvi na presha."

"Upepo je?"

"Upepo pia hapana."

Akanirudishia simu. Nikamwambia huku karibu na pwani hakiji kirahisi sababu maji ni mafupi, ila vingine vikifa vinaelea na kuingia kwa nyavu za watu, vina karatasi imebandikwa ikieleza ni nini na umpigie nani.

"Na wakija kukichukua, wavu wangu watalipa?"

Hilo sikuwa nimelisoma popote.